Kilio cha Mgomba

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo haijatoka masikioni mwangu mpaka leo, na nimeshaacha kuifukuza. Ilikuwa mwaka wa vita ya pili ya Kongo, hapa hapa Bukavu, kwenye avenue yetu ya Kadutu, asubuhi ya jua kali baada ya mvua. Nitakusimulia. Ila kwanza nikuambie kwa nini nimekuita, usije ukadhani bibi amekosa mtu wa kuongea naye.

Jumapili nilikuona ukirudi kutoka uwanjani, mwanao mabegani. Mtoto hajajua hata kumwamkia padri vizuri, lakini alipopita mzee mmoja aliyevaa rangi za ile timu nyingine, alitema mate chini, nawe ukacheka ukampa biskuti. Nilinyamaza. Mtu hakemewi mbele ya mwanawe. Leo mwanao amelala, basi keti. Chukua kile kiti kizima, hicho kingine nimewawekea wageni wanaokaa sana.

Sisi wakati wa ujana wetu tulikuwa na timu mbili zilizougawa mji huu kuliko mto unavyogawa mashamba. Moja iliitwa Nyange, ilivaa nyeupe. Nyingine iliitwa Radi, ilivaa nyekundu. Hakuna aliyechagua, ulizaliwa nayo kama unavyozaliwa na ukoo. Mtoto alipotaka kubatizwa, parrain, baba wa ubatizo, alitafutwa kwanza ndani ya timu, habari ya imani yake ikafuata baadaye. Namjua mwanamke aliyemkataa mchumba mwenye shamba zuri kule Katana kwa sababu ukoo wao ulikuwa wa Radi. Bado anajuta, ingawa akiniona huongelea mambo mengine.

Papa yangu, Mwalimu Bisimwa, alifundisha hesabu katika sekondari. Wiki nzima alikuwa mtu wa rula na chaki, sauti ya chini, shati limepigwa pasi. Nyange ikicheza, mtu huyo alibaki nyumbani na mwingine akaenda uwanjani. Alitulea ndani ya timu ile. Nilijifunza kujumlisha kwa magoli. Nguo nyekundu haikuingia kwetu, na Pentekoste, padri alipotokea amevaa nyekundu, Papa aliangalia chini mpaka misa ikaisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alikuwa akituambia, na kwa hilo hakukosea hata kidogo, kama utakavyoona.

Tulikuwa watoto wawili tu. Mimi wa kwanza, nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, napiga mashine ya kuandikia katika ofisi moja mjini. Wa pili alikuwa Riziki, kitinda mimba. Mama yetu alifariki Riziki akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo mtoto huyo hakuujua uso wake. Na kwa sababu hiyo Papa alikata shauri kwamba Riziki hatafikishwa kwenye kilio chochote. Mtu akifa kwenye avenue, mtoto alifungiwa ndani na redio ikaongezwa sauti. Papa alisema ameshapoteza vya kutosha, asione majeneza. Ule ulikuwa upendo, mwanangu, mimi sitaukana. Lakini upendo nao hukosea njia.

Sasa jirani. Unajua Kadutu nyumba zinavyopandana mlimani, ua wako uko sawa na bati la mwenzako. Chini yetu alikaa Papa Murhula, infirmier, muuguzi wa hospitali, na mkewe Maman Nsimire. Huyu Papa Murhula ndiye aliyekuwa mkubwa wa mashabiki wa Radi kwenye avenue, na Papa yangu ndiye aliyekuwa mkubwa wa Nyange. Walirushiana maneno kutoka ua mpaka bati kila siku ya Mungu. Na Riziki akipata homa, Papa alimteremsha mbio kwa huyo huyo mtu wa Radi, akapigwa sindano, akapewa karanga za kumnyamazisha. Papa Murhula alimwita Riziki "adui yangu". Mtoto akilisikia hilo jina anakimbia kumkalia magotini. Maman Nsimire naye, ambaye hakujaliwa mtoto, ndiye aliyemsuka nywele kila Jumamosi, maana mimi mikono yangu ilijua mashine tu.

Na kulikuwa na desturi yetu ambayo vijana wa leo hamuijui. Timu ikishinda ile nyingine, mashabiki wake walikata mgomba, wakaukata kwa urefu wa mtu, wakauvika kitambaa cha rangi ya walioshindwa. Hiyo ndiyo maiti. Iliwekwa mabegani, ikapelekwa mpaka mlangoni kwa mkubwa wa mashabiki wa upande ule, na pale watu wakalia. Walilia kweli kweli, wakigaagaa, wakishika vichwa, wanawake wakijifunga vitenge kiunoni kama wafiwa. Mwenye nyumba ilimpasa atoke, apokee maiti, awape waliaji kasiksi, pombe ya ndizi, wanywe. Akikataa kutoka, aibu hiyo ilimfuata mpaka mchezo mwingine.

Papa Murhula alitoka kila mara. Alikuja na jagi lake la kasiksi na kile chombo chake cha kusikilizia moyo, akakiweka juu ya mgomba, akatikisa kichwa, akawaambia watu kwamba marehemu alianza kuugua toka mi-temps, wakati wa mapumziko. Avenue nzima ilikufa kwa kicheko. Papa yangu yeye, tukishindwa, aliumwa kichwa na kufunga mlango.

Mliaji mkuu wa Nyange alikuwa Riziki. Alikuwa na sauti, huyo mtoto, sauti ya kufika ng'ambo ya ziwa. Papa alimtungia wimbo, akamfundisha jioni baada ya masomo, akimsahihisha kwa subira kama anavyosahihisha daftari za wanafunzi. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi: Papa Murhula amekufa leo, bugali yake nani atakula? Mtoto aliuimba akipiga kifuniko cha sufuria, na Papa Murhula mwenyewe alimwitikia akijifuta machozi ya kucheka. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Sisi tulilijua hilo neno, tukalisema kwa watu wengine.

Vita ya pili ikaja. Sitakusimulia vita, wako wanaopenda kuisimulia. Nitakuambia tu kwamba shule zilifungwa na kufunguliwa na kufungwa, na kwamba bunduki zikinyamaza kidogo watu walienda uwanjani, kwa sababu mtu hawezi kuogopa mfululizo. Dawa zilikwisha hospitalini. Papa Murhula akaondoka kwa miguu kwenda Katana kutafuta dawa kule kwa mapadri. Aliaga kutoka ua mpaka bati, akamwambia Papa amtunzie nyumba, na asithubutu kushinda mchezo yeye akiwa safarini.

Jumamosi hiyo Nyange ikashinda. Papa alifurahi kama mtoto. Alikata mgomba, akauvika kitambaa chekundu, akaulaza nyuma ya nyumba kumngoja Papa Murhula arudi, kwani maiti haipelekwi mwenyewe akiwa hayupo. Riziki aliukalia mgomba ule, akiuliza kila saa kama adui yake amefika.

Alifika Jumatatu, juu ya tipoyi, ile machela ya kubebwa mabegani, amefunikwa shuka. Watu wa upande wa Kabare walimkuta njiani. Nani alimuua hatukuambiwa. Miaka ile waliokufa walikuwa na majina, waliowaua hawakuwa nayo.

Papa alisikia wa kwanza, akateremka mbio bila viatu. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji, nikasikia sauti ya Maman Nsimire, nikaacha bidoni palepale. Hakuna aliyekumbuka kufunga mlango wala kuongeza redio.

Riziki akasikia watu wanalia kwa Papa Murhula. Yeye kilio alichokijua ni kimoja tu. Akadhani wameanza bila yeye. Akavaa jezi yake nyeupe, akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akateremka ngazi za udongo mbio mbio. Nilimwona wakati ninaingia uani, akipita kati ya miguu ya watu. Nilinyoosha mkono, sikumfikia. Alisimama mbele ya tipoyi, akamtazama Papa, aliyekuwa amepiga magoti chini ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akamchekea. Alidhani siku hiyo Papa analia vizuri kuliko siku zote.

Kisha akaimba. Papa Murhula amekufa leo, bugali yake nani atakula. Aliimba mpaka mwisho, sauti yote, na kifuniko.

Mwanangu, nimesikia mabomu katika mji huu. Sikuwahi kusikia kimya kama kile. Maman Nsimire aliinua kichwa, akamwangalia mtoto aliyemsuka nywele juzi tu, kisha akamwangalia Papa yangu. Hakupiga kelele.

"Mumutoshe hapa," akasema. "Yeye na baba yake."

Wakatolewa. Wanaume waliwasindikiza mpaka kwenye ngazi bila kuwagusa, kama watu wenye ugonjwa. Na juu kule, nyuma ya nyumba yetu, mgomba ulikuwa umelala ndani ya kitambaa chekundu, na kila aliyekuwa chini aliuona.

Maneno hayana miguu lakini hufika kabla yako. Kabla ya jua kutua avenue nzima ilikuwa inasema mtoto wa Mwalimu amecheka maiti, kwamba ana moyo wa jiwe, kwamba msichana wa namna hiyo hataolewa wala hatazaa. Watoto wenzake walimtupia maganda ya ndizi. Riziki hakuelewa. Nilimkalisha kitandani, nikamwambia Papa Murhula amekufa. Akaniambia anajua, yeye ndiye ameimba. Akaniuliza atatoka saa ngapi na jagi. Ilinibidi nimwambie tena, na tena. Mara ya mwisho aliingia chini ya kitanda na kile kifuniko chake, akawa hatoi sauti tena. Wala hakulia. Hilo ndilo lililoniogopesha. Niliona mtoto yule anaweza kubaki huko chini maisha yake yote, hata akiwa amesimama barabarani.

Papa naye aibu ilimgeuka hasira. Kesho yake, asubuhi ya maziko, alikata fimbo. Alisema atamchapa mbele ya avenue ili watu waone kwamba nyumba ya Mwalimu ina adabu. Alikuwa anainama kumtoa mtoto chini ya kitanda wakati Koko alipoingia.

Koko alikuwa mama yake Papa, kizee wa Nyangezi, mfupi, kiko mdomoni, ameletwa na habari ya msiba. Watu wa njiani walikuwa wamemsimulia kila kitu. Alikaa juu ya gunia la makaa, akapumua, akamwangalia mwanawe mwenye diploma.

"Weka ile fimbo chini, Mwalimu," akasema. Hakuwa na kawaida ya kumwita Mwalimu. "Ile wimbo, ni mutoto alitunga?"

Papa aliitazama fimbo.

"Kilio ya kweli ulimufichaka. Kilio ya mugomba ukamufundisha. Sasa unataka kumupiga juu ya nini? Alifanya vile ulimufundisha. Tena alifanya muzuri."

Papa alisema kitu kuhusu mchezo, kwamba ulikuwa mchezo tu, kwamba marehemu mwenyewe alicheka. Koko alimwacha amalize. Alikuwa mtu wa kuacha watu wamalize.

"Sikatai mupira," akasema. "Lakini wewe uko mutu muzima, unajua fasi mchezo inaisha. Mutoto hajui. Ulimupa kisu, haukumuonyesha makali iko upande gani. Enda ukamate wimbo yako mbele ya watu. Mutoto hawezi kuibeba, iko nzito."

Papa aliivunja fimbo ile. Kisha akaenda nyuma, akaukatakata mgomba vipande vidogo, akakikunja kile kitambaa chekundu. Koko naye aliinama, akaingiza mkono chini ya kitanda, hakuvuta, aliuacha tu pale. Baada ya muda mkono mdogo ukaushika.

Tukateremka wote wanne. Watu walikuwa wamejaa chini ya bashi, turubai la msiba, jeneza limeshafika. Walitufungulia njia kwa sababu ya mvi za Koko, si kwa ajili yetu. Papa alisimama katikati, mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu, na sauti ikamkataa. Akajaribu tena.

"Ile wimbo ni yangu," akasema. "Mimi niliitunga, mimi nilimufundisha. Mutoto alizania iko mupira. Mukitaka kumufukuza mutu, munifukuze mimi."

Wazee walimgeukia Maman Nsimire. Ilikuwa haki yake. Angetufukuza, ningemwelewa.

"Ile wimbo, bwana yangu alikuwa anaichekaka sana," akasema. "Ndiyo kile kinaniuma." Kisha akamwonyesha Papa upande wa jeneza kwa kidevu. "Ubebe. Yeye angekubeba."

Papa akabeba. Kitambaa chekundu alikitandika juu ya jeneza la mtu wa Radi kwa mikono yake mwenyewe, yeye ambaye Pentekoste ilimwinamisha kichwa. Lakini kabla jeneza halijafungwa, Koko alikuwa amekaa mkekani na wanawake, Riziki kando yake, akamfunua marehemu uso. Alimwambia mtoto aangalie vizuri, huyu haamki, ndiyo maana watu wanalia. Riziki aliangalia. Akaita "adui yangu" mara moja, taratibu. Hakuitikiwa. Ndipo alipolia, kwa sauti ile ile, sauti ya kufika ng'ambo ya ziwa, na kila mtu aliitambua, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Urafiki haukurudi siku hiyo, usidanganywe na hadithi. Kidonda hakifungwi kwa neno moja. Jumamosi nyingi zilipita Riziki akitembea na nywele za hovyo nilizomfunga mimi. Kisha Jumamosi moja tukasikia kutoka chini Maman Nsimire anauliza kama ule mtoto hana kitana nyumbani kwao. Riziki aliteremka bila viatu. Nilichungulia, nikamwona amekaa kati ya magoti ya mjane, shingo imeinama, na wote wawili hawaongei.

Lakini kitu kimoja kilibaki. Miaka ile watu hawakuacha kufa, unajua. Na kila waliposikika watu wanalia mahali, juu au chini, Riziki alikuja kwa Papa akamshika mkono wa shati. "Papa, hii kilio iko ya kweli ao iko ya mupira?" Na Papa ilimbidi ajibu. Ya kweli, mwanangu. Wiki nyingine tena, ya kweli. Uso wake kila akijibu ulikuwa uso wa mtu anayepokea adhabu aliyojiandikia. Hakukata mgomba tena, wala hakuacha kuipenda Nyange. Nyange ikishinda alitabasamu, akateremka na jagi la kasiksi, akaliweka mlangoni kwa Maman Nsimire, akarudi.

Riziki amekuwa infirmière, yuko Katana. Mwaka Papa alipofariki, mzee, kitandani kwake, nilimpigia simu. Nyuma yangu wanawake walikuwa wameshaanza kulia. Alisikiliza. Mtu mzima, mwenye watoto wake, akaniuliza mimi dada yake kama zamani:

"Yaya, iko ya kweli?"

"Ya kweli," nikamwambia.

Alifika, akasimama kwenye kizingiti, akafungua ile sauti. Na kutoka chini, kwenye nyumba ile, sauti ya kizee ilimwitikia. Maman Nsimire alikuwa anapanda ngazi zetu za udongo na fimbo yake, analia, amevaa nyeupe.

Basi, mwanangu. Sikuambii uache mpira. Mimi mwenyewe nikisikia Nyange imefungwa chakula hakishuki. Mvalishe mwanao jezi, mfundishe nyimbo, mpeleke uwanjani, acha mate ya Jumapili yaishie hapo. Lakini mpeleke pia kwa yule mzee wa rangi nyingine, akamsalimie kwa mikono miwili, akale kwake. Usimfiche msiba. Mpeleke kwenye kilio cha kweli angali mdogo, akae mkekani, aone. Na wimbo wowote unaomtia mtoto kinywani, kwanza uimbe peke yako mbele ya jeneza la huyo unayemcheka. Kama unaweza kuumaliza, mfundishe. Kama koo linakukatalia, na mtoto asiujue.

Mungu akupe jirani wa timu nyingine, na ampe jirani huyo miaka mingi. Watoto wako wacheke mahali pa kucheka na walie mahali pa kulia, wasihitaji kuuliza. Na siku yako ikifika, aliyeshindana nawe maisha yake yote apande ngazi zako amevaa rangi yako. Amina. Sasa nenda, nasikia mwanao ameamka.